Kikao cha Ukoo Juu ya Mshono

Watu wengi wanaocheza kwenye nyasi bandia hawajui kwamba zina mshono. Wanaingia uwanjani pale Kibamba jioni, na vitambi vyao na jezi za kubana, wanakimbia kidogo, wanalaumiana sana, wanaondoka. Mshono wanaufahamu siku unapoachia, ncha ya kiatu ikanasa, na baba mzima akala mweleka mbele ya wakwe zake. Hapo ndipo ninapopigiwa simu, na hapo ndipo kila mtu anakuwa na haraka.

Mimi nilianza na cherehani. Nilikuwa na kijiduka Kimara, kwenye kona ya njia inayopanda kutoka barabara ya Morogoro, nikishona sare za shule na magauni ya kicheni pati, na kusema kweli nilikuwa hodari. Siku moja akaja mwanamume mmoja mzaliwa wa Temeke, fundi wa kutandika mazulia ya maofisini, amebeba kipande cha zulia begani, anataka nimshonee ukingo uliofumuka. Nilimwambia cherehani yangu si trekta. Hakuondoka. Alikuwa amepata kazi ya kuziba uwanja wa nyasi bandia, hajui aanzie wapi, na alidhani mtu anayeshona nguo atakuwa na akili ya kushona chochote. Nilikwenda kutazama kwa udadisi tu. Nikapiga magoti, nikapitisha kiganja juu ya zile nyasi kutafuta zinalalia upande gani, kama ninavyofanya kwa kitambaa cha mahameli, nikagundua waliotandika wamepishanisha vipande: kimoja kinalalia huku, cha jirani yake kinalalia kule. Nilikasirika kana kwamba uwanja ni wangu. Tangu siku hiyo cherehani inapumzika, na mimi na yule wa Temeke tunafanya kazi pamoja. Ananiita dada, namwita kaka, na tunagombana kila siku ya kazi.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Zulia la uwanja huja katika vipande virefu vinavyotandikwa kimoja kando ya kingine, na chini ya mahali vinapokutana hupita utepe mpana unaopakwa gundi. Unalaza ukingo wa huku na ukingo wa kule juu ya gundi, visiachane wala visipandiane, halafu unaweka uzito mpaka ishike. Mwisho unarudisha mchanga na punje za mpira zinazojaza nyasi, unapiga brashi, unakwenda zako. Adui yetu Dar es Salaam ni jua. Zulia likipata joto linatanuka, na gundi inakauka ukiwa bado umeshika mwiko. Kwa hiyo sisi huanza mwenzangu akimaliza tu sala ya alfajiri, na jua linapotokeza juu ya mabati ya Kimara, viroba vya mchanga vimeshapangwa juu ya mshono na sisi tunakunywa chai ya tangawizi. Sheria yetu ilikuwa moja: jua lisitukute tumeinama. Haikuwahi kutuangusha, na ndiyo maana tuliibeba mpaka mlimani bila kuiuliza swali.

Mlimani tulipelekwa na jirani yangu, mwanamke mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye ni Mchaga wa Kibosho, mimi ni Mpare, na anayejua utani wa makabila hayo mawili anajua kwamba hatujawahi kusalimiana kama watu wengine. Nikiingia dukani kwake huniuliza mbele ya wateja kama leo nimekuja kununua msumari mzima au nusu. Mimi humuuliza kama mizani yake imewahi kusema kweli hata siku moja. Mtani ana haki ya kusema, ya kuchukua na hata ya kuamrisha, na anayenuna ndiye mwenye makosa.

Siku moja ya Desemba niliingia dukani na hakunitania. Hapo nikajua kuna jambo. Alinivuta nyuma ya marobota ya waya, akanionyesha video kwenye simu yake: kiwanja kidogo cha nyasi bandia kati ya migomba, na katikati yake mshono umefumuka kutoka upande hadi upande, kingo zimekunjamana kama ukoko uliobanduka.

Akanieleza. Miaka michache nyuma, yeye na ndugu zake waliokuja Dar kutafuta maisha walichangishana, wakatengeneza kiwanja hicho kwenye kihamba cha mama yao, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, juu kabisa karibu na msitu. Sababu ilikuwa watoto. Kila Krismasi Wachaga wa Dar hurudi nyumbani. Wiki hiyo ukisimama Kibamba unaona magari yamefuatana kama yamefungwa kamba, na Kimara unapata nafasi ya kuegesha mahali ambapo mwaka mzima hukuwahi kuipata. Lakini watoto waliozaliwa Kimara na Ubungo waliona kwa bibi ni baridi, matope na mtandao wa kubahatisha. Walishinda ndani wamejifunika blanketi pamoja na simu zao, na siku ya kuondoka walikuwa wameshaingia kwenye gari kabla ya mtu yeyote kuwaambia. Bibi yao aliwaaga kupitia kioo cha gari. Kiwanja kilipokuja mambo yakageuka: walianza kuulizia safari tangu Oktoba, wakawa wanashinda nje, wanamletea bibi matope mpaka jikoni, na bibi anayapiga deki huku anaimba.

Sasa mshono umeachia, mmoja wa watoto wa jirani alijikwaa akaumia goti, na kaka yao mkubwa, ambaye hakuwahi kuondoka nyumbani, ametangaza kwenye kundi la simu la familia kwamba kikao cha ukoo kikifika na zulia bado limepasuka, analing'oa. Pale anajenga banda la ng'ombe. Mbao ameshanunua.

“Kaka mie namuweza,” jirani yangu alisema. “Ila mama kanipigia jana. Kaniuliza, zulia likitolewa wajukuu watakuja tena?”

Nilimwambia tunakwenda.

Mwenzangu alikuwa hajawahi kupanda juu zaidi ya ghorofa. Njia nzima aliuliza kama barafu ya mlima ule inafika uwanjani, na jirani yangu, ambaye furaha ilikuwa imemrudia baada ya kupita Chalinze, alimhakikishia kwamba inafika, na kwamba wachezaji huteleza nayo. Tulipofika juu, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na yeye alikuwa amevaa fulana mbili na taulo shingoni. Bibi alitoka kutupokea, mwanamke mfupi mwenye kitenge, sweta na viatu vya mvua. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akimtazama mwenzangu anavyotetemeka, akarudi ndani, akatoka na koti zito la marehemu mumewe. Alimvisha mwenyewe na kumfunga vifungo. Mwenzangu hakulivua tena koti lile mpaka siku ya kuondoka, hata wakati wa kuswali.

Yule kaka mkubwa nilimkuta nyuma ya nyumba akipanga mbao zake, ndefu na nzito, bado zinanukia msitu. Ni mtu mnene, sauti yake ya chini, mikono imepasuka kwa majani ya ng'ombe. Nilimtarajia mkorofi, hakuwa mkorofi. Alitukaribisha vizuri, akauliza hali ya safari, kisha akaniambia amesikia Mpare ameletwa kushona plastiki, na kwamba anamuonea huruma Mpare huyo. Nikamwambia na Mpare anawaonea huruma ng'ombe wake. Tukaelewana palepale.

Asubuhi iliyofuata tuliamka alfajiri, kama sheria yetu inavyosema. Ukungu ulikuwa mzito, tukisimama goli hili hatuoni goli lile, na sisi tulifurahi. Jua halipo, baridi ipo, nani kama sisi. Tulifungua mshono, tukakwangua gundi kuukuu, tukalaza utepe mpya. Gundi ilitoka kwenye kopo taratibu, nzito kama uji uliolala, na ilitakiwa ituambie kitu, lakini tuliisukuma tu kwa mwiko. Mgongo wa zulia ulikuwa na umande. Tukaufuta kwa kitambaa ambacho nacho kilikuwa na umande. Kule hakuna mchanga wa kumwaga ovyo kama kwetu, kwa hiyo badala ya viroba tulipanga mawe. Tukanywa chai tukijipongeza, na nakumbuka nilimwambia mwenzangu kwamba hii ndiyo hali ya hewa ya kazi yetu, tungehamia huku.

Saa sita ukungu ukapasuka, jua la mlimani likatoka, na lile jua ni kali maana halina vumbi la kulizuia. Zulia likatanuka. Gundi ilikuwa bado mbichi vilevile kama tulivyoimimina, na kingo zikaanza kusogea polepole juu yake huku mawe yakisogea nazo. Jioni baridi iliporudi zulia likajikunyata, kila upande ukavuta kwake, na mshono ukabaki wazi kuliko tulivyoukuta, safari hii na gundi juu. Yule kaka alikuja akachuchumaa. Aliingiza vidole chini ya ukingo, akavitoa vikiwa na utelezi, akavipangusa kwenye jani la mgomba, akaondoka kwenda kukamua. Ningependelea anicheke.

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa nafoka. Nilimfokea mwenzangu, akanifokea na yeye ndani ya koti la marehemu, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyesema tuamke alfajiri. Bibi alitusikiliza kutoka jikoni mpaka tulipochoka, ndipo akatuita tuote moto. Pale jikoni, miguu ikipata joto, akili nazo zikarudi. Tulikuwa tumekimbia jua kwa mazoea, kwenye nchi ambayo jua ndilo la kusubiriwa. Kule zulia linataka likaushwe kwanza, gundi ipashwe joto, kazi ianze jua likiwa utosini, na kisha mshono ubanwe bila kusogea mpaka jioni, maana ukiuacha usiku baridi inauvuta. Na usibanwe kwa mawe, ambayo hugusa hapa na kuacha pale. Unataka kitu kilichonyooka, kirefu, na juu yake uzito mwingi sana. Na gundi ilibaki ya mara moja tu; ikishindikana tena, kopo jingine liko Dar.

Bibi aliuliza uzito kiasi gani. Nikamwambia mwingi, mama, kama gunia la mahindi kila hatua, kutoka upande hadi upande, na usitikisike. Hilo lingetaka magunia ya kijiji kizima.

Aliinamisha kichwa akicheka kimya, mabega yanamtikisika. “Subiri siku ya pili ya Krismasi,” alisema. “Wanangu wote wamenenepa huko Dar.”

Kwa watu wa kule, kikao cha ukoo ni jambo zito. Siku ya pili ya Krismasi wote waliorudi hukaa pamoja, wanazungumza mashamba, ada za watoto, nani aoe, nani amekosana na nani, na kikao hakivunjwi mpaka mambo yameisha. Huwa wanakaa mbele ya nyumba. Bibi alipitisha neno kwamba mwaka huu viti havitoki. Wanakwenda kukaa kwenye zulia, na hakuna atakayeinuka mpaka fundi aseme. Nilidhani watakataa. Jirani yangu aliniambia mama yake hajawahi kuomba kitu kwenye kikao tangu baba yao afe, kwa hiyo hakuna aliyejua jinsi ya kumkatalia.

Krismasi yenyewe hatukugusa kitu. Walikwenda kanisani, wakarudi, na mwenzangu akaombwa achinje mbuzi ili nyama iwe ya kila mtu, pamoja na yeye na jirani mmoja Mwislamu. Alichinja akiwa na koti. Kuanzia hapo akawa mtu mkubwa pale nyumbani, anatafutwa kila sahani inapopita, na watoto wanamwita babu kwa sababu ya lile koti.

Siku ya pili tulikuwa uwanjani asubuhi, ila safari hii hatukushika mwiko. Tulifunua mshono tukauacha upigwe na hewa, tukatandaza majani makavu ya migomba chini ya kingo yanywe unyevu, na kopo la gundi lilikaa jikoni kwa bibi ndani ya sufuria ya maji ya moto kama mtoto anayeogeshwa. Ukungu ulipofunguka nilikwenda nyuma ya nyumba nikachukua mbao za banda. Sikuomba. Nilikuwa nimebeba ya kwanza begani nilipokutana na mwenyewe.

“Mtani, hizo ni za ng'ombe,” alisema.

Nikamwambia najua, nataka kuona kama zitawabeba. Kisha akashika upande wa pili wa ubao, tukaenda nao pamoja, na akarudi kuchukua mwingine.

Gundi ilitandazika vizuri mno. Mwenzangu alipaka, mimi nikafuata kwa magoti nikilaza kingo na kuchomoa kila unyasi uliobanwa kwa ncha ya sindano, na nyasi zote zililalia upande mmoja. Tukaweka karatasi za nailoni, tukaweka mbao, tukaita ukoo. Walikuja wakicheka, shati za sikukuu, vitenge vipya, wakakaa kwenye mbao kwa mstari mmoja mrefu, wote wameelekea kwenye goli kana kwamba wanasubiri penalti. Niliwapanga kwa uzito na sikumuonea mtu haya, maana mimi ni mtani. Wembamba niliwapeleka pembeni. Yule kaka mkubwa nilimkalisha katikati, pale palipokuwa pameharibika zaidi, nikamwomba asinyanyue mguu. Pombe ya mbege ilipita, supu ya mtori ikapita, kikao kikafunguliwa kwa sala.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kung'oa zulia.

Niliyasikia yote kwa sababu nilikuwa natembea nyuma yao nikikagua mbao. Yule kaka alizungumza akiwa amekaa juu ya mbao zake, juu ya mshono wetu, na hakuzungumza kwa hasira. Alisema nyinyi mnakuja wiki moja. Mwaka mzima mama anakunywa maziwa ya ng'ombe wale, na anayekata majani mvua ikinyesha ni mimi. Nyasi hizi hazikatwi, haziliwi, na zikiharibika mnatumiana video. Ndugu zake walitazama vikombe vyao. Mimi niliyekuja kulipigania zulia nilijikuta namuitikia kwa kichwa, maana alikuwa anasema kweli, na nadhani hakuwa amewahi kuisema mbele yao wote wakiwa hawawezi kuinuka. Jirani yangu alijibu habari ya watoto, mwingine akajibu habari ya majani, wakaanza kurushiana, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kikao kile hakuna aliyepata nafasi ya kuondoka kwa kususa.

Kisha ukungu ukarudi mapema. Uliteremka kutoka msituni ukapita kwenye kahawa, na baridi yake ikaingia kwenye zile shati za sikukuu. Watu wakaanza kujikunja. Mmoja akauliza kama haitoshi, mwingine akanyanyuka nusu, na nikaona ubao wake ukinyanyuka pamoja naye. Nilipiga magoti nikabonyeza ukingo kwa kidole: gundi ilikuwa imeshika lakini bado laini. Nikamwambia mwenzangu wakiondoka sasa hivi tumekwisha. Nilikuwa na maneno mengi ya utani siku ile, lakini la kuwazuia watu wazima wasikimbilie jikoni kuota moto sikuwa nalo.

Bibi alikuwa barazani. Huwa hakanyagi kile kiwanja. Anasema miguu yake haijazoea majani yasiyo na harufu. Aliteremka ngazi na blanketi lake, akavua viatu vya mvua ukingoni, akaja na soksi zake za sufu mpaka katikati, akakaa kwenye ubao kando ya mwanawe mkubwa na kumfunika magoti kwa nusu ya blanketi.

“Mie sina uzito,” alisema, “lakini naongezea.”

Yule kaka alimtazama mama yake, kisha akatazama mbele. Halafu, bila kugeuza kichwa na bila kupandisha sauti, aliwaambia ndugu zake wakae, hakuna anayeinuka, anayesikia baridi amsogelee mwenzake. Aliyekuwa amenyanyuka nusu akakaa. Wakasogeleana mstari mzima, watu waliokuwa wanarushiana maneno muda si mrefu uliopita, mabega yakagusana, na watoto wakatumwa ndani kuleta blanketi zote za nyumba. Mwenzangu alikuwa amekaa mwisho kabisa kwenye ncha ya ubao, mtu wa pwani katikati ya ukoo wa Kichaga, na aliyekuwa kando yake alimwomba nusu ya koti.

Ajenda ya kwanza haikurudiwa. Walizungumza mambo mengine mpaka giza lilipoanza kuingia, na katikati ya mazungumzo ya mti fulani wa mpaka, yule kaka alisema kama kwa kupitia tu kwamba banda anaweza kulijenga nyuma ya kahawa, ila wa Dar watakuja kumsaidia kusawazisha, na watakuja si Krismasi. Pasaka. Walikubali wote haraka sana, na jirani yangu akakubali kwa niaba ya mumewe ambaye hakuwepo. Nilibonyeza tena ukingo. Ulikuwa mgumu kama kiatu. Nikawaambia wanaweza kuinuka, na walipojaribu hawakuweza, miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikawa kazi ya kuvutana mmoja mmoja huku kila mtu akicheka. Yule kaka alihitaji watu watatu.

Kesho yake walicheza, wa Dar na wa nyumbani, na nyumbani wakashinda vibaya sana kwa sababu wa Dar walikuwa hawana pumzi. Mimi sikutazama mpira. Nilitazama mshono, na kila mguu uliopita juu yake nilishika mdomo. Haukufanya kitu. Baada ya dakika chache sikuweza hata kusema uko wapi. Nilichangamka nikampiga mwenzangu mgongoni, naye akalalamika kwamba namkunja koti.

Hadi leo yule kaka hunipigia simu nikiwa Kimara. Ananiambia ukungu ulivyo, ananiuliza apige brashi kuelekea wapi, ananieleza kwamba amefuta umande kabla watoto wa jirani hawajaingia, na anauita “mshono wetu.” Pasaka ile wa Dar walikwenda, wakasawazisha, banda limesimama nyuma ya kahawa. Akimaliza taarifa zake huniuliza kama Wapare tumeshaanza kununua msumari mzima.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya kuondoka. Gari lilikuwa limepakiwa mapema, mkungu wa ndizi juu, maparachichi chini ya viti, makopo yetu matupu nyuma. Jirani yangu alipiga honi. Hakuna mtoto aliyekuja. Akapiga tena, kisha akamtuma kaka yake awaite. Kaka akaenda na hakurudi. Kutoka barazani tulisikia mpira ukigonga mwamba, na sauti yake ya chini ikibisha kwamba lile halikuwa goli. Jirani yangu akavua viatu vya safari akavaa malapa, akisema anakwenda kuwaleta wote kwa masikio, mkubwa kwa wadogo.

Bibi alimshika mkono. “Waache kwanza,” alisema. “Nilikuwa nawaagaga kwenye kioo.”

Jirani yangu akakaa. Bibi akatumiminia chai nyingine, na mwenzangu, ambaye alikuwa ameshalivua koti la marehemu na kulikunja vizuri ili alirudishe, akalikunjua akalivaa tena.